Swali la Lini: Tiba Shufaa kwa Mgonjwa Asiyetarajiwa Kupona

Katika familia nyingi ninazozijua, habari za tiba shufaa, yaani huduma ya kumtuliza maumivu na mateso mgonjwa mwenye ugonjwa mzito, hufika zimechelewa. Mgonjwa ameshakwisha mwili, kukaa hawezi, hata maji yanampalia, ndipo mtu mmoja kwenye kikao anasema, "Jamani, kuna wale watu wa tiba shufaa, tuwaulizie." Wakija wanakuta zimebaki siku mbili tatu. Wanafanya wanachoweza: wanatuliza maumivu, wanatufundisha namna ya kumgeuza, wanakaa na watoto wake. Baada ya maziko kila mtu anasema wale watu wana utu, laiti tungewajua mapema. Makala haya nimeyaandika kwa ajili ya wanaouguza sasa hivi, ambao bado wana nafasi ya kuwajua mapema.

Mama mkubwa wangu aliugua saratani ya mlango wa kizazi. Ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na wengi wanaofika Taasisi ya Saratani Ocean Road, pale ufukweni Dar es Salaam, hufika ugonjwa ukiwa hatua ya 3 au ya 4. Naye alikuwa miongoni mwao. Chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani hii, ambayo wasichana wetu wanachomwa nchi nzima tangu 2018, haikuwapo enzi za usichana wake, na kupima mlango wa kizazi alikuwa hajawahi. Alianza kutokwa damu miaka kadhaa baada ya hedhi kukoma, akanyamaza, kama wanavyonyamaza wanawake wengi wa umri wake. Alipokuja kusema, uvimbe ulikuwa umeshatoka kwenye kizazi unaelekea kibofu. Akapigwa mionzi, akapata nafuu ya kutosha, akarudi kwenye biashara yake ya vitenge. Mwaka uliofuata maumivu yakarudi, safari hii kiunoni na kushuka pajani, na mguu wa kushoto ukavimba mpaka kandambili hazikuingia.

Kikao cha familia kikaitwa. Mjomba wetu, ambaye ndiye mkubwa, akasema kuugua si kufa, tuuze shamba la Pongwe aende India. Upande wa pili wakasema mwenzetu amechoka, arudishwe nyumbani apumzike, tumwachie Mungu. Watu walibishana mpaka usiku, kwa upendo na kwa machozi, na kila upande ulikuwa na hoja. Lakini mazungumzo yote yalikuwa juu ya mambo mawili tu: kuendelea kupambana au kuacha. Kwamba yule mama alikuwa halali usiku, kwamba alikuwa anauma kanga asisikike akilia, hilo halikuwa ajenda ya kikao.

Binti yake ndiye aliyetuvusha. Alikuwa amesikia kutoka kwa muuguzaji mwenzake kwamba kuna kitengo cha tiba shufaa na kwamba wahudumu wake huja mpaka nyumbani. Akaenda kuuliza bila kungoja kikao kimalizike.

Siku sista, muuguzi wa kitengo hicho, alipokuja nilikuwapo. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu, kaa pale dirishani." Chumba kilijaa moshi wa udi. Sisi wa nyumbani tulishauzoea. Mama mkubwa siku zote alikuwa mtu wa udi, siku za Ijumaa hasa, na tuliona tu kwamba siku hizi anauwasha kila siku. Sista hakukaa dirishani. Alivuta stuli mpaka kitandani, akamshika mkono, akamweleza: ukifumba ngumi maana yake huna maumivu, ukikunjua vidole vyote vitano maana yake ni makali kupita yote uliyowahi kuyapata. Nionyeshe ya sasa. Mama mkubwa akakunjua vidole vitatu. "Na usiku?" Akakunjua vyote.

Sista akaandika kwenye daftari lake, kisha akauliza taratibu, "Mama, huu udi ni wa nini?"

Kimya. Halafu: "Nanuka, mwanangu. Nawaonea huruma wanaoingia humu."

Saratani ya mlango wa kizazi ikifika mbali hutoa majimaji yenye harufu kali, kwa sababu nyama iliyokufa hushambuliwa na bakteria. Mama mkubwa alikuwa amewaambia wajukuu wasipande kitandani kwake, nasi tulidhani ni kwa ajili ya mguu. Alikuwa amehudhuria kliniki mara nyingi, amepimwa damu, amepigwa picha, na katika safari zote hizo hilo halikuulizwa na yeye hakulisema. Dawa yake ni metronidazole, vidonge vya bei ndogo vinavyopatikana karibu kila duka la dawa, vikitumika kwa namna ambayo sista alimwelekeza binti yake. Haikupita wiki, harufu ikapungua kiasi kwamba wajukuu walirudi kitandani, na udi ukarudi kuwa wa Ijumaa.

Ninaeleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu ndilo lililonibadilisha mawazo kuhusu swali la "lini". Ile dawa ya harufu ingeweza kutolewa miezi kadhaa nyuma, pamoja na mionzi na kliniki zake zote. Haikuhitaji mtu yeyote akate tamaa. Haikuhitaji daktari aseme "tumefika mwisho".

Huko ndiko wengi wetu tunakokosea kuielewa huduma hii. Tunaiona kama jengo ambalo mtu akiingia hatoki. Afrika Mashariki, kwa sehemu kubwa, ni kitengo ndani ya hospitali pamoja na watu wanaotembelea wagonjwa majumbani: muuguzi, daktari, ofisa ustawi wa jamii, mara nyingine sheikh au mchungaji, na watu wa kujitolea wa mtaani. Kazi yao ni maumivu, kichefuchefu, pumzi, vidonda, usingizi, hofu, ugomvi wa ndugu, na ada za shule za watoto ambao mama yao hawezi tena kwenda sokoni. Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's Hospice huko London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa namna hii si ya mwili peke yake. Yamo pia ya moyo, ya roho na ya mahusiano yake na watu, na yote yanapaswa kutibiwa pamoja. Afrika ilipata huduma ya kwanza ya aina hii Harare mwaka 1979, ikaja Nairobi Hospice mwaka 1990. Mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman, aliyekuwa ametoka kufanya kazi hapo Nairobi, akaanzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Kwetu Tanzania, Ocean Road, Selian ya Arusha, Hospitali Teule ya Muheza na hospitali kadhaa za KKKT, Kanisa la Kilutheri, ni miongoni mwa waliotangulia kuipeleka huduma hii kwa watu.

Uganda inastahili kutajwa zaidi, kwa sababu ya mofini, ile dawa ya maumivu makali. Dkt. Merriman alikuja na njia rahisi ya kutengeneza mofini ya maji: unga wa mofini, maji safi, dawa ya kuizuia isiharibike na rangi ya kutofautisha nguvu yake. Mgonjwa anainywa akiwa kwake, hahitaji sindano wala kulazwa. Mwaka 2004 serikali ya Uganda ikaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliosomea tiba shufaa kuiandika wenyewe, kwa kuwa vijijini madaktari hawatoshi. Ukilinganisha na hali ya dunia utaelewa ukubwa wa jambo hilo. Ripoti ya tume ya jarida la Lancet ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za kundi la mofini zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi zenye kipato cha chini zilipata tani 0.1 tu. Maumivu yenyewe hayagawanywi hivyo.

Na hapa niseme wazi, kwa kuwa nimesikia mengi. Mofini haimuui mgonjwa ikitolewa kwa kipimo chake. Mtu mwenye maumivu makali akiitumia kwa maelekezo kwa kawaida hageuki teja. Kinachotokea ni hiki: siku mbili tatu za mwanzo anasinzia sana, na sehemu ya usingizi huo ni deni la usiku wote aliokesha. Anaweza kupata kichefuchefu cha muda. Choo kitakuwa kigumu, na hilo haliishi lenyewe, hivyo dawa ya kulainisha choo inaanza siku moja na mofini. Inanywewa kila baada ya saa 4, maumivu yawepo yasiwepo, kwa sababu kuyazuia yasije ni rahisi kuliko kuyafukuza yakishakaa. Usiku wa kwanza wa mofini mama mkubwa alilala mpaka adhana ya alfajiri, na binti yake aliingia chumbani mara kadhaa kuhakikisha kwamba anapumua.

Sasa lini? Jibu langu ni kwamba tiba shufaa ianze siku ugonjwa unapojulikana kuwa ni wa kutishia maisha na umeanza kumtesa mtu, hata kama matibabu ya kuupiga ugonjwa wenyewe yanaendelea. Shirika la Afya Duniani linasema hivyo hivyo. Lipo pia jambo lililowashangaza madaktari wenyewe. Mwaka 2010 watafiti wa hospitali ya Massachusetts General, Boston, walitoa matokeo ya wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Nusu yao walipata matibabu ya kawaida ya saratani. Nusu nyingine walipata matibabu hayo hayo pamoja na tiba shufaa tangu mwanzo. Waliopata tiba shufaa mapema waliishi vizuri zaidi, wakawa na huzuni kidogo, wachache wao ndio waliopewa matibabu mazito mwishoni, na bado waliishi muda mrefu zaidi: wastani wa kati wa miezi 11.6 dhidi ya 8.9. Kwa hiyo anayeogopa kwamba kuwaita hawa watu ni kumfupishia ndugu yake siku, ajue ushahidi huo hauko upande wake.

Swali la pili ni gumu zaidi: lini tuache kuufukuza ugonjwa, tubaki na kumtuliza mgonjwa peke yake? Hapa ndipo vikao vinapovunjika. Mashine ya kulijibu haipo, ila zipo dalili ambazo mtu yeyote anayeuguza anaweza kuziona bila kuwa daktari. Tazama saa za mchana. Mgonjwa anayetumia zaidi ya nusu ya mchana kitandani au kwenye kiti, hali ugonjwa wenyewe ndio unaomlaza, mwili wake mara nyingi hauwezi tena kunufaika na kemo nzito, yaani dawa kali za kuua saratani. Inamchosha kuliko inavyouchosha uvimbe. Tazama kulazwa kwake: kama anaruhusiwa Jumatatu na Ijumaa mko mapokezi tena, na kila akitoka anatoka chini ya alipokuwa, hiyo ni habari. Tazama nguo zake zinavyomlegea mwezi hadi mwezi. Na msikilize. Mtu anaposema, "Hiyo dripu ya wiki ijayo, mimi basi," usikimbilie kumkemea kwamba anakata tamaa. Vuta stuli.

Daktari naye aulizwe maswali yanayojibika. Ukimuuliza "atapona?" atakuambia tumuombe Mungu, na hajakosea. Muulize: dawa hii inayofuata, lengo lake ni kuponya, kurefusha au kutuliza? Ikifanya kazi vizuri kabisa, itampa nini? Asipoitumia itakuwaje? Kisha muulize swali ambalo madaktari wa tiba shufaa hujiuliza wao kwa wao: ungeshangaa kama mgonjwa huyu angefariki ndani ya miezi 12 ijayo? Daktari akisita, au akisema hatashangaa, mmepata jibu ambalo vipimo vya damu havitawapa. Nenda na mtu mwingine mwandike majibu, maana mkifika nyumbani kila mmoja atakuwa amesikia lake.

Kuhusu India, siwezi kupita kimyakimya. Wapo waliokwenda wakatibiwa wakapona, na wapo wenye magonjwa ambayo safari hiyo ni ya haki kabisa. Ila nimeona pia nyumba zikiuzwa na michango ikipitishwa kwa wiki kadhaa kwa ajili ya mgonjwa ambaye madaktari wa hapa walishasema ugonjwa umefika kwenye ini na mifupa, na kule akaenda kuambiwa yale yale kwa lugha nyingine, mbali na mama yake na watoto wake, huku familia ikihangaika na gharama za kurudisha mwili. Kabla ya kuuza shamba, kitengo cha tiba shufaa kikae na familia. Madaktari wa hapa waeleze kwa maandishi, tena kabla ya tiketi, kule kuna nini ambacho hapa hakipo. Na mgonjwa mwenyewe aulizwe kama anataka shamba la watoto wake liuzwe. Mama mkubwa alipoulizwa, mwisho wa yote, alisema shamba la Pongwe lisiguswe. Mjomba alilia. Tangu siku hiyo ndiye aliyekuwa akileta madafu kila Jumamosi, na sijamsikia hata siku moja akisema alishindwa kwenye kikao.

Lakini mama mkubwa alikuja kuulizwa baada ya kujua ukweli, na hilo nalo lilikuwa na vita yake. Kwenye hospitali moja tuliyopitia mwanzoni, daktari alimvuta mwanaye wa kiume koridoni akamwambia hali ilivyo. Mwanaye akarudi kwa mama akamwambia ni uvimbe wa kawaida, utaisha. Ndivyo tunavyofanya karibu sote. Tunasema tusimvunje moyo. Kisha nyumba nzima inaanza kuishi kwa kunong'ona, watu wanatoka nje kupokea simu, kila mgeni anafundishwa mlangoni cha kusema, na mgonjwa, ambaye ndiye anayeukaa mwili ule, anaachwa peke yake na anachokijua. Kwa maana anakijua. Alimuuliza sista katika ziara ya pili, "Mwanangu, hii inapona?" Sista akamrudishia swali: "Wewe mwenyewe unaonaje, mama?" "Naona haiponi." "Ungependa nikueleze ninavyojua mimi, au tuache kwanza?" "Nieleze." Sista akamweleza kwa sentensi fupi, akinyamaza kila baada ya moja, mpaka mama mkubwa akasema inatosha.

Hakuvunjika moyo. Aliomba aletewe daftari lake. Alikuwa na vitenge vya watu alivyochukua kwa mkopo, alikuwa na hisa kwenye kikoba, kuna jirani aliyemkopesha kwa siri asiyetaka mumewe ajue. Kwa muda wa siku kadhaa, saa za asubuhi mofini ikiwa imeshika vizuri, alipitia deni moja baada ya jingine, anayemdai na anayedaiwa. Kwa Muislamu deni hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa, na wasia unakwenda mpaka theluthi ya mali na si kwa mrithi. Mambo hayo yanataka akili iliyotulia na muda. Mgonjwa anayepiga kelele kwa maumivu hawezi kuandika wasia. Mgonjwa aliyeambiwa ni uvimbe wa kawaida haoni kwa nini auandike.

Wapo wanaoona kwamba kuiita tiba shufaa ni kukosa imani. Sheikh wa mtaa wetu aliulizwa hilo mbele yangu akasema kumwondolea mja maumivu ni ibada, na siku ya mtu ya kufa haisogezwi mbele wala nyuma na chupa ya dawa. Marafiki zangu Wakatoliki wananiambia wana shida inayofanana: Mpako wa Wagonjwa unaogopwa kwa kudhaniwa ni wa mtu anayekata roho, ilhali Kanisa lao linafundisha upewe mtu akiwa katika ugonjwa mzito, hata mapema, na unaweza kurudiwa. Padri anaitwa saa nane za usiku kwa mgonjwa asiyejua tena kwamba padri amekuja. Mtu anaweza kuomba muujiza kwa moyo wote na wakati huo huo akanywa mofini saa kumi jioni. Sioni mgongano.

Ndugu zetu walio Marekani wanakutana na utaratibu tofauti, na ni vizuri waliobaki huku waujue wanapopigiwa simu. Kule bima ya Medicare, kwa sheria ya mwaka 1982, hulipia hospisi, yaani tiba shufaa ya miezi ya mwisho, pale madaktari wawili wanapothibitisha kwamba ugonjwa ukienda mwendo wake wa kawaida mtu ana miezi 6 au pungufu, na mgonjwa akakubali kuacha matibabu ya kuuponya ugonjwa huo. Akiishi zaidi ya miezi 6 anaweza kuthibitishwa tena, na akibadili mawazo anaruhusiwa kutoka akarudi kwenye matibabu. Kwa hiyo mjomba aliye Minnesota akikuambia "mama tumemwingiza hospisi," si lazima maana yake ni kesho. Hata huko, pamoja na bima na utaratibu wote, karibu nusu ya wagonjwa hukaa kwenye hospisi chini ya wiki 3. Kuchelewa si ugonjwa wa Waafrika peke yao. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 56.8 wanahitaji tiba shufaa kila mwaka, na wanaoipata ni asilimia 14 hivi.

Nimesema sana saratani kwa sababu ndiyo niliyoiuguza. Moyo uliochoka, figo zilizokufa, mapafu yaliyoharibika na UKIMWI uliokwisha kufika mbali navyo vina tiba shufaa, ingawa mwendo wake unadanganya zaidi: mgonjwa wa moyo anaanguka, anainuka, anaanguka, na familia inazoea kuinuka kwake. Kwa hao dalili nzuri ni kulazwa kunakokaribiana. Kwa watoto, ningesema msingoje dalili yoyote. Mtoto hawezi kuomba mofini.

Siku za mwisho zenyewe zinatisha asiyezijua, na sehemu kubwa ya watu wanaokimbizwa hospitali usiku wa manane wanakimbizwa kwa mambo ambayo sista angekuwa ameyaeleza wiki iliyotangulia. Mgonjwa anaacha kula. Hafi kwa sababu ameacha kula. Ameacha kula kwa sababu mwili unafunga kazi zake, na uji wa kulazimisha humpalia ukamwingia mapafuni. Mpe kijiko akitaka, akikataa mlowanishe midomo kwa kitambaa safi. Anasinzia karibu mchana kutwa. Mikono na miguu inapoa. Pumzi inakwenda mbio, inasimama, inaanza tena. Kooni kunakuwa na mkoromo wa mate ambayo hana nguvu ya kuyameza; unatusumbua sisi kuliko unavyomsumbua yeye, na kumlaza ubavu husaidia. Zungumza naye hata kama hajibu. Mama mkubwa alikwenda akiwa kitandani kwake, mguu umewekwa juu ya mto, dada zake wakisoma Yasini, na hapakuwa na mtu koridoni anayetafuta saini.

Si kila nyumba inaweza hivyo, nami sitaki mtu aone haya kwa kumlaza mgonjwa wake hospitali. Kuna damu isiyozuilika nyumbani, kuna vyumba vya kupanga vya watu sita, kuna binti mmoja anayeuguza huku akiwa na mtoto mchanga. Tiba shufaa haifungi mlango wa hospitali. Saratani ya mlango wa kizazi ikitoa damu nyingi, au ikishika mfupa, mionzi ya siku moja au chache inaweza kutolewa kwa ajili ya kutuliza tu, na mgonjwa akarudi kwake. Mama mkubwa alirudishwa Ocean Road kwa sababu ya damu akiwa tayari yuko chini ya kitengo hicho, akaongezewa damu, akapigwa mionzi michache, akaja kumaliza mwezi wa Ramadhani nyumbani.

Kama una mgonjwa na umesoma mpaka hapa, mambo ya kufanya wiki hii ni haya. Muulize daktari wake aliyepo sasa akuandikie rufaa ya tiba shufaa. Ukiona anashangaa, nenda mapokezi ya hospitali ya rufaa ya mkoa au kituo cha saratani kilicho karibu, Ocean Road, Bugando ya Mwanza au KCMC ya Moshi, uulizie wenyewe. Kenya uulizie hospisi au kitengo cha tiba shufaa kwenye hospitali ya kaunti yako. Beba kadi ya kliniki, majibu ya mwisho ya vipimo, na dawa zote anazotumia zikiwa kwenye pakiti zake, pamoja na za kienyeji, kwa sababu nyingine hugongana na za hospitali. Andika namba ya simu ya mtu mmoja wa familia atakayepokea maelekezo, mmoja tu. Uliza wanatembelea mtaa wenu siku gani, dawa ikiisha Jumapili mpigie nani, na mofini itapatikana wapi ikiwa mtaamua kumpeleka mgonjwa kijijini, maana si kila mkoa utaikuta. Na kabla ya kwenda, kaa naye umuulize analalaje usiku.